Kadi kwa Walinda Amani: Tusingoje Majeneza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu, wazazi na ndugu wananchi,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na wapo ambao wakiniona nimeshika kipaza sauti hujua kwamba leo tena ni kadi za askari: kadi za asante ambazo nataka sisi na wanafunzi wetu tuwaandikie askari wetu wanaolinda amani nje ya nchi. Sitaomba radhi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ya Semuliki, katika eneo la Beni huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na askari wetu wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Wiki ile nchi nzima iliandika: magazeti yaliandika, mitandao iliandika, hata wasiojua vina walitunga mashairi. Nauliza ninachouliza kila mara: miezi yote ambayo vijana wale walikuwa hai kule porini, nani kati yetu aliwaandikia japo mstari mmoja wa asante?

Hujibiwa kwamba kumwandikia askari usiyemjua ni desturi ya Wamarekani. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia, kwa sababu sisi ndio tulionunua kadi za salamu madukani miaka nenda miaka rudi, tukazijaza majina hadi pembeni, tukazibandika stempu na kuzipeleka redioni, ili mtu wa Nachingwea asalimiwe na mtu wa Tarime ambaye hajapata kumwona kwa macho. Watuma salamu walijuana kwa majina ya kujipachika, wakaunda vyama, wakatembeleana na kuzikana. Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja, mtuma salamu sugu, aliyenieleza kwamba hakuwa akiufuata muziki hata kidogo. Alikuwa akisubiri jina lake lipite hewani. Lilipotajwa, aliwaamuru watoto wote wanyamaze, na kesho yake alikwenda kazini akitembea kama mtu aliyeongezewa mshahara. Aliyemsalimia hakuwa ndugu yake wala hakumdai chochote, na utamu wenyewe ulikuwa hapo. Basi taifa lililolea watu wa namna hiyo liniambie leo kwamba halijui kumwandikia kadi mgeni?

Wengine husema kwamba siku hizi ipo simu. Ni kweli, na mke wa askari anayo, na mama yake anayo. Lakini sisi wengine hatuna namba zake, wala hatupaswi kuwa nazo. Kadi inaweza kupita mkono kwa mkono katika hema zima bila kuhitaji mtandao. Wengine husema kwamba askari hawa wanalipwa. Muuguzi naye hulipwa, na bado ukitoka wodini humwambia asante. Mshahara hulipia saa za kazi, haulipii hofu ya usiku.

Lipo swali zito zaidi, nami silikwepi. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirejesha nyumbani kikosi chetu cha askari 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa sababu ya tuhuma nzito za unyanyasaji wa kingono. Je, hao nao tuwashukuru? Tuhuma zichunguzwe, mwenye hatia aadhibiwe, na waliodhulumiwa wapate haki. Kadi ya asante si hati ya kumsafisha mtu yeyote. Lakini sikubali kwamba makosa ya kikosi kimoja yawafute askari wetu waliokuwa chini ya bendera ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mashariki mwa Kongo Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Hata anayepinga kupelekwa kwao, ugomvi wake ni na waliowatuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nayapitia mbio. Mwanafunzi aandike jina lake la kwanza na darasa, asiandike namba ya simu. Asiulize kambi iko wapi, wala askari wako wangapi, wala wamepambana na nani. Asiombe zawadi, na asiombe dola, maana nimeziona kadi za namna hiyo! Walimu wazisome zote kabla ya kuzifunga, kisha zikabidhiwe kambi ya jeshi iliyo karibu kwa barua rasmi ya shule, muda wa kutosha kabla ya tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani. Habari za gharama nilikusudia kuzieleza kwa kirefu, lakini karatasi ngumu na penseli za rangi hazimshindi mtu aliyechangia harusi tatu mwezi huu. Kadi tupu ziko mezani kwa katibu, pale mlangoni. Kalamu azimeni wenyewe kwa wenyewe.