Kabla ya silabasi, tafuta mama wa Jumanne

Tumsifu Yesu Kristo! ... Haya asanteni, kaeni. Padre asante kwa nafasi, nimepewa dakika ishirini na mnaona nimembeba huyu mgongoni, kwahiyo tutaona nani atamaliza kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Moshi, hapa Houston nimekuja na mume wangu na sasa tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka mitano, wa kati mitatu, na huyu miezi saba. Tulipoamua kuwasomesha nyumbani mama yangu akapiga simu kutoka Moshi akauliza, "kwani mmekosa ada?" Nikacheka, ila baadae nikalia, maana kwetu mtoto akionekana nyumbani saa nne asubuhi siku ya shule basi kila mtu anajua amerudishwa ada, hamna maelezo mengine.

Sheria tuimalize haraka kwasababu ndo swali la kila mtu pale kwenye chai. Hapa Texas homskuli inahesabika kama shule binafsi, kesi ya kuamua hilo iliishia Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1994, unatakiwa ufundishe kusoma, spelingi, sarufi, hesabu na uraia mwema, na mtoto anaanza kubanwa na sheria akifika miaka sita. Wangu mkubwa hajafika hata huko! Na mjue ni masista Wakatoliki wa Oregon walioenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1925 kupinga sheria iliyotaka watoto wote waende shule za serikali tu, wakashinda. Kwahiyo anayekuangalia vibaya kanisani mwambie akaulize masista.

Sasa tatizo langu halikuwa sheria. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kwenye tamko lake la elimu la mwaka 1965, unasema wazazi ni walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mimi nikasoma hiyo "wa kwanza" nikaielewa kama "wa peke yao". Hapo ndo nlipotea jamani. Nikanunua boksi zima la vitabu kwa mtoto wa miaka minne, nikabandika ratiba kwenye friji, saa mbili sala, saa mbili na nusu hesabu, yaani kama seminari, na ikifika saa nne wote tunalia, mimi na wao, halafu sijaongea na mtu mzima yeyote mpaka mume wangu arudi saa kumi na mbili jioni. Siku moja nikajikuta namhadithia kijana aliyeleta mzigo wa Amazon habari za mtoto kukataa uji. Akanisikiliza masikini, ila alikuwa na haraka zake.

Nikaambiwa tafuta grupu. Nikaenda kwenye moja, sitaitaja, kina mama wanapokezana kufundisha, kuna Kilatini, kuna sayansi, vitu vya maana kabisa, lakini ilikuwa ya watoto wakubwa na chini ya miaka mitano hawapokei, kwahiyo nikakaa koridoni masaa matatu na begi la pampasi nabembeleza wawili. Nlitoka pale mpweke kuliko nlivyoingia.

Ndo nikakumbuka jumuiya, zile jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za kule nyumbani. Nyie wote mnaijua, Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, mabenchi ya kuazima, na mtoto habatizwi mpaka jumuiya yako ikutambue. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, mwaka 1976 walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, lakini bibi yangu hakujua habari za AMECEA, yeye alijua tu kwamba mwenyekiti wa jumuiya anasikia fulani anaumwa kabla hata ya paroko. Tulivuka bahari tukaiacha kule. Hapa tunaonana Jumapili ya Misa ya Kiswahili, pilau, picha, tukutane mwezi ujao. Jumanne saa nne asubuhi uko na nani?

Basi Misa ya katikati ya wiki, kwenye kile chumba cha vioo cha watoto wanaolia, nikamuona mama mmoja Mmeksiko ana sura kama yangu, ile sura ya mtu ambaye hajalala. Sikumwambia siku moja tutafutane, hiyo siku moja haifikagi. Nikamuuliza Jumanne una kazi gani? Akasema sina. Nikamwambia njoo kwangu, nyumba chafu. Akaja.

Sasa tuko nyumba nne. Jumanne ni Jumanne, hatuahirishi kisa nyumba chafu, hakuna kupika, ni chai na matunda, watoto wanacheza, dakika kumi za sala, hadithi ya mtakatifu basi. Desemba 12 yule Mmeksiko anawasimulia Mama wa Guadalupe, Bikira Maria wa kwao Meksiko, Juni 3 mimi nawapa Mashahidi wa Uganda, na walipomsikia Kizito, kijana mdogo kabisa, wakataka kujua alikuwa anacheza mpira au hachezi. Nikasema sijui, tuendelee.

Kuna mmoja wetu ni Mmarekani, alibatizwa usiku wa Pasaka akiwa na mtoto tumboni, kwao wote si Wakatoliki. Huyu ndo amenifundisha kitu. Sisi tuliozaliwa humu Kanisani tunadhani upweke ni kukosa ndugu, yeye ndugu anao mtaa wa pili, ila hana wa kumwambia leo nimesali Rozari nikalala katikati. Misa za kwanza alikuwa anamtazama mwanangu wa miaka mitano ili ajue saa ya kupiga magoti, na mwanangu mwenyewe mara nyingi anakosea.

Nlipojifungua huyu, yule Mmeksiko alimpigia mama yangu video, akaelekezwa mtori mwanzo mwisho, wakaelewana kwa vidole, ndizi mbichi akanunua duka lao, akaleta sufuria. Chumvi ilizidi. Nlikula nalia.

Kwahiyo kina mama wenye wadogo, boksi la vitabu liacheni kwanza. Najua wengi mnafanya shifti za usiku na mchana mnataka kulala, sawa, basi iwe Alhamisi, iwe saa kumi, ila iwe siku moja na isihame. Jumanne hii ni zamu yangu, saa tatu na nusu, kabla jua la Texas halijatuchoma pale nje, anwani mtachukua kwangu hapo ml... ehee, kaamka. Naomba niishie hapa, maswali tukutane mlangoni.