Mtoto Akisema "Mato"

Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kufundisha chuoni kwa muda na kuwasimamia kliniki wanafunzi wa tiba ya usemi. Habari ya malipo naimaliza upesi: fomu ina nafasi ya saa za darasani, haina nafasi ya saa ninazokaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mwanafunzi anayehangaika na mtoto wa watu. Mnaocheka nawajua, na fomu zenu nazijua.

Sasa twende kliniki. Binti mmoja, hodari wa vitabu, alimpima mtoto wa miaka mitano kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Picha ya macho, mtoto akasema "mato". Picha ya njia, "ndia". Binti akapiga alama nyekundu, akaandika kwamba sauti za "ch" na "nj" bado. Nikanyamaza. Katika usimamizi hakuna kazi ngumu kama hiyo, ulimi unawasha! Mwishowe nikamwambia: hebu muulize nyanyake wamekuja vipi.

"Nyanya, leo mmepita njia gani?"

"Ndia ya Makadara, mwanangu."

Binti akaitazama karatasi yake, akaigeuza juu chini.

Kile ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, si maradhi. Karatasi ilitungwa kwa Kiswahili sanifu na mtoto amelelewa kwa lugha ya nyumbani kwao. Lakini ngojeni. Mtoto huyo huyo kuku alimwita "tutu", na goti "doti". Nyanyake hasemi "tutu". Sauti za "k" na "g" hutoka nyuma ya kinywa, mgongo wa ulimi ukigusa kaakaa laini. Mtoto alizivuta mbele, kwenye ncha ya ulimi. Kwa miaka mitano hilo linataka kutibiwa, na nusura litupite, limefunikwa na wekundu wa makosa yasiyokuwepo.

Marekani, anayetaka cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, hutimiza saa 400 za kliniki, 25 za kutazama na 375 za kuhudumia, na msimamizi lazima awepo angalau robo ya muda ambao mwanafunzi yuko na kila mgonjwa. Angalau. Mimi nina wanafunzi wanne na asubuhi mbili kwa wiki. Lau siku ile ningekuwa nimetoka kutafuta kahawa, mtoto angetibiwa Kimvita chake na "tutu" akarudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kipimo nawatoa nje, wakae benchini na mama au nyanya, dakika kumi, bila kalamu. Wengine hununa. Yule binti amejiwekea daftari la maneno ya kina nyanya. Juzi kaniletea "nti", yaani nchi, akaniuliza kama watu wa Jomvu nao husema hivyo. Sikumjibu. Nilimpa nauli ya matatu.