Kiwango cha 2 Si Hatua ya Pili ya Saratani

Wazazi wenzangu wa Kisumu, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na mama mmoja aliyenijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za kliniki. Ya mwaka 2012 ilisema mwanawe ana Asperger, hali ya jamii ya usonji. Ya juzi ilisema ana usonji wenyewe (autism, hali ya tangu utotoni inayogusa mawasiliano na tabia), kiwango cha 2. Mama alikuwa hajalala siku tatu. “Mwalimu, imefika ya pili na hakuna aliyeniambia!” Alikuwa amemuuguza dada yake saratani, na hatua za saratani alizijua: ya nne, unachimbiwa kaburi.

Kijana mwenyewe alikaa karibu na mlango. Nilipotaja kwamba nimetoka Busia kupitia Yala na Ugunja, akanisahihisha bila kuinua kichwa: “Ugunja, Yala, Luanda, Maseno.” Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, mama akasema. Kilichobadilika ni kitabu.

Madaktari wana vitabu viwili. Kimoja ni DSM, mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Kingine ni ICD ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1994 DSM iliitenga Asperger na usonji, tena ikaweka kapu la watoto wasioenea kwingine. Ikawa vurugu. Mtoto yuleyule, kliniki hii inamwita hivi, ile vile. Mei 2013 wakayaunganisha yote, wakayaita wigo wa usonji. ICD mpya ikafuata njia hiyo, ikaanza kutumika Januari 2022. Fikirieni boma lenye nyumba kadhaa: zamani walitaja nyumba, sasa wanataja boma. Ila daktari aliyezoea nyumba haachi kwa siku moja, ndiyo maana faili zetu zina majina yote.

(Wengine husema jina la Asperger liliondolewa kwa sababu ya uhusiano wa daktari Hans Asperger, mwenye jina hilo, na Wanazi kule Vienna. Utafiti uliotikisa watu kuhusu hilo ulitoka 2018. Jina lilikuwa limeshaondolewa.)

Sasa viwango. Ni vitatu, na vinapima msaada anaohitaji mtu: 1 anahitaji msaada, 2 msaada mkubwa, 3 mkubwa sana. Hakuna kitu kinachosambaa mwilini. Mtoto anaweza kupanda au kushuka kadiri maisha yanavyobadilika. Tena, na hili madaktari wetu hulipita mbio, namba hutolewa mara mbili: moja kwa mawasiliano na watu, nyingine kwa mambo ya kurudiarudia na kushikilia utaratibu. Karatasi ya yule mama ilikuwa na namba moja tu. Nilikasirika. Mbili ya nini? Rudini mkaulize hivyohivyo, kwa heshima, lakini msitoke bila jibu.

Na msikubali kulipia vipimo upya kwa sababu tu jina limebadilika. DSM yenyewe inasema aliyethibitishwa kuwa na Asperger ahesabiwe kwenye wigo wa usonji.

Mama akaniuliza kama ile karatasi ya zamani aichome. La! Dalili lazima ziwe zilianza utotoni, na karatasi ya 2012 ndiyo shahidi wake.

Naona mkono pale dirishani. Haya baba, uliza.