Kiungo chenye hakirudi

Asante. Bale ba nyuma, muje huku mbele, nafasi iko.

Baliniomba niongee juu ya haipamedia (maandishi, picha, sauti na video zenye zimeunganishwa na viungo), namna ya kuisoma na namna ya kuipanga, na benye bananijua banajua tayari nitaingilia wapi: ku viungo, pale mutu anafinya akaenda fasi ingine. Kila mwaka nasema neno hili hili, na kila mwaka munaniletea travayi yenye mapicha mazuri, video, rangi, muziki inaanza peke yake (nani aliwaambia batu banataka muziki?), kisha viungo munavimwaga mwishoni kama chumvi.

Tuchukue Nyiragongo, juu hapa Goma kila mutu ana habari yake. Uko na mapicha ya lava ya 1977, ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 wakati ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa, na ya ile usiku wa 22 mwezi wa tano 2021. Uko na karte ya mitaa, uko na sauti za bamama benye balikimbia. Mama mumoja anasimulia 2002, unaweka kiungo, mutu anafinya, anaona picha ya mutaa wa Birere. Bon. Sasa mutu mwenye alianzia ku picha? Atajua namna gani kama kuna mama aliongea juu ya barabara ile ile? Hatajua, ataangalia, atafunga, ataenda, na sauti ya mama itabaki mule ndani hakuna mwenye kuisikia.

Ted Nelson, yule Mumarekani mwenye alitoa majina haipateksti (maandishi yenye viungo) na haipamedia mu 1965, jambo hili alishaliona. Mu Xanadu, programu yenye alikuwa anatunga, kiungo kilipaswa kuonekana pande zote mbili. Munacheka juu Xanadu ilianza 1960 na miaka ikapita makumi batu banaingoja tu? Mucheke, lakini wazo lile mulichukue. Kisha miaka ya 1980 batu ba programu Intermedia kule chuo cha Brown, Amerika, na Wendy Hall na benzake na programu yao Microcosm kule Southampton, Uingereza, njo balionyesha dawa: viungo visikae ndani ya ukurasa, vikae pembeni, mu bazi yao, kama daftari ya viungo peke yake. Hapo unaunganisha hata maandishi yenye haiko yako bila kuyagusa, mwalimu na mwanafunzi kila mutu anakuwa na viungo vyake juu ya karte moja, na ukiuliza "nani analeta batu kwangu?" jibu unapata palepale.

Najua, kuna mumoja anataka kuniambia: Prof, mbona webu ilishinda, na viungo vyake vinaenda upande moja tu? Kweli kabisa. Tena Tim Berners-Lee, mwenye aliitunga webu, alipeleka makala yake ku mukutano wa haipateksti wa 1991, San Antonio, bakaikataa, akabaki na kuonyesha tu programu. Na upande moja njo ilimusaidia, juu hauombi mutu ruhusa ya kumuelekea. Lakini bei yake munaijua, ile 404 (ukurasa haupatikani) yenye inakula megabaiti zenu bure. Yeye alikuwa anajengea dunia nzima. Weye unajengea mulima moja na muji moja, usijifiche nyuma yake!

Na usiniambie batatafuta ku Google. Ile sauti ya mama mu Kiswahili yetu, batatafuta na neno gani?

Kuna pia ile ya musomaji kupotea njia, mutafiti Conklin aliiandika 1987, musome benyewe. Modeli ya Dexter, ile plani ya kueleza haipateksti zote... hapana, saa imeisha, naona mulinzi ameshasimama ku mulango.

Kwa hiyo ordinatere mufunge kwanza. Siku ya ine kila mutu alete karatasi yenye safu ine: kutoka wapi, kwenda wapi, nani aliweka, juu ya nini. Kwenye safu ya mwisho iko tupu, ile kiungo muifute mbele ya kunionyesha. Na muziki, apana.