Siku nzima na vichwa vya treni Makadara: tafuta jua kwanza

Hamjambo, karibuni tena. Leo tunapiga picha treni, na si kwa kuchungulia dirishani mwa matatu. Tumekuja stesheni ya Makadara, Nairobi, kando ya Jogoo Road, kwa sababu hapa ndipo reli ya Thika inapoachana na ile ya Mombasa. Treni ya Ruiru, ya Embakasi Village na ya Syokimau, zote lazima zipite hapa. Wewe kaa tu, zitakuja.

Kabla kamera haijatoka mkobani, nenda kwa stesheni masta. Msalimie, mweleze unapiga nini na utaondoka saa ngapi, kisha usubiri jibu. Mimi mara yangu ya kwanza, kwenye stesheni ambayo sitaitaja, nilijifanya mjanja nikaanza kupiga kimyakimya. Nilikalishwa benchi kwa muda wa karibu saa mbili nzima, nikieleza kwa nini mtu mzima anapiga picha magurudumu. Askari hakuwa na kosa. Akikuambia futa, futa, kisha uulize kwa upole ni wapi panaruhusiwa. Droni nayo iache nyumbani, ile ina vibali vyake.

Haya, tuangalie mwanga. Hapa tulieni kidogo, maana ndipo wengi tunapoharibu.

Saa hizi ni kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndilo hilo linachomoza upande wa Embakasi. Abiria wa asubuhi wanakwenda wapi? Mjini. Na mji uko magharibi yetu. Kwa hiyo treni inakuja na jua mgongoni, uso wake wote kivulini. Piga hivyo, utapata kitu cheusi chenye taa moja. Jioni nazo zinawarudisha watu mashariki huku jua likiwa magharibi, uso kivulini tena! Jua la Nairobi na treni za abiria hawasalimiani. Asubuhi nzima ya kwanza nilirudi nyumbani na picha za masizi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza: asubuhi ngoja zile zinazotoka mjini, jioni ngoja zinazorudi. Hazina watu wengi, lakini uso unang'aa. Ya pili naipenda zaidi. Zile treni ndogo zinazojiendesha bila kichwa, zilizonunuliwa Uhispania zikiwa zimeshatumika kisiwani Mallorca, zina chumba cha dereva mbele na nyuma. Iache ipite. Usipige. Ikishapita, geuka: ule mkia unaotazama mashariki ni uso kamili, na jua limeuangukia. Mjuzi atagundua kwa taa nyekundu, wengine hawatajua. Kwa nini treni za Mallorca zinatembea hapa, na za reli mpya ya SGR haziwezi? Ni upana. Huku kwetu na kule Mallorca, kutoka reli hadi reli ni milimita 1,000. SGR ni 1,435.

Sasa mahali pa kusimama. Jukwaani, nyuma ya ukingo, na miguu yako usiisogeze hata ukiona picha ya maisha. Najua watu wanatembea relini kila siku wakienda kazini. Wewe una jicho moja limefungwa na lingine liko kwenye kamera, huna masikio yao. Na ukienda siku nyingine upande wa Kibera, kumbuka treni inayopanda kuelekea Kikuyu utaisikia mbali ikinguruma na kutema moshi, ila inayoshuka injini imetulia, inakuja kama paka. Huko ndiko kwenye hatari. Lakini huko pia asubuhi ni tamu, kwa sababu treni inayotoka Kikuyu inalitazama jua ana kwa ana.

Mipangilio haina mengi. Kasi ya shata 1/500 inatosha, treni hizi hazikimbii. Piga goti ili magurudumu yaonekane yakiwa chini ya mwili, usipige kutoka juu kama unayepiga picha mtoto. Wa simu, gusa kioo penye uso wa treni na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, halafu subiri ifike pale. Flashi zima. Dereva anakutazama wewe, usimpofushe.

Tazama kichwa hiki kinachoingia. Sogea nami kidogo... namba iko pale ubavuni, chini ya dirisha. Inaanza na 93. Tarakimu mbili za mwanzo ni ukoo, zinazofuata ni jina la mtoto. Ukoo wa 93 ulitengenezwa na General Electric ya Marekani, ukaja Kenya miaka ya 1970. Rangi imechubuka kwenye ngazi pale viatu vya madereva vinapokanyaga, chuma kimebaki cheupe kama sarafu. Hapo ndipo pa kupiga karibu. Kisha daftari: namba, saa, inakoelekea, inavuta nini. Andika sasa hivi. Usiseme utakumbuka, treni ya tatu ikipita ushachanganya.

Ikifika saa tano jua limepanda utosini na kila kitu kina kivuli kibaya. Funga kamera, pata chai na mandazi, panda treni hadi stesheni kuu. Karibu na hapo kuna Jumba la Makumbusho la Reli, lililoanzishwa 1971. Mchana huu ni wa vitu vya karibu, na humo vimejaa. Nyoosheni kamera kwa hili jitu la rangi ya damu ya mzee: namba 5918, Mount Gelai. Ni Garratt, yaani kichwa cha mvuke kilichoungwa kwa sehemu tatu, kazi ya kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza; ukoo wa 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa 1955 na 1956, kila kimoja zaidi ya tani 250. Havijawahi kuwepo vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivi kwenye reli ya upana huu. Jina ni la mlima wa Tanzania, kwa sababu wakati huo reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Msijaribu kukitosha chote kwenye fremu moja, mtabaki na kitu kama mjusi. Pigeni ile mikono ya chuma inayosukuma magurudumu, mwanga ukipita katikati.

Saa kumi na nusu turudi Makadara. Jua sasa limelala upande wa mji. Ile ya Syokimau imeshapeleka watu wake na inarudi karibu tupu, uso wote dhahabu. Shusha kasi hadi 1/60, ifuate kwa kamera kuanzia mbali, bonyeza ikiwa sambamba nawe na usisimamishe mkono. Nyumba zitachanika kama kitambaa, treni itabaki imetulia. Kati ya kumi utapata moja.

Hii... hapana. Hii pia hapana. Ngoja, inakuja nyingine.