Tiketi ya kule mlimani shingapi? Nawajibu leo, mkiuliza tena sijibu

Assalam aleikum ndugu zangu, hamjambo Tanga, hamjambo Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na nyie wa Pongwe msije mkasema nimewaruka. Leo sipiki wala siwatembezi mjini, nimekaa hapa hapa jikoni kwangu najibu swali moja maana nimechoka. Kile kiklipu changu cha Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za huku Ufaransa, cha mwaka 2022, kila ikifika Julai kinafufuka, watu wanakirusha kwenye magrupu, na swali ni lile lile, "kaka, ulilipa shingapi kuingia?" Halafu kuna mwingine hakosi, "wenzio huku tunahangaika na ada za watoto, we uko Ufaransa unaangalia baiskeli." Haya, sikilizeni.

Hakuna kuingia. Ni barabara jamani, lami ya kawaida inayopita magari siku zote, wanaifunga siku hiyo, unasimama pembeni unaangalia. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna anayekuuliza kitambulisho. Na sisemi hivi ili nionekane nimefika, kwa sababu nikisema ni bure mtasema ughaibuni raha, nikisema niliumia mtasema nalalamika na nimekuja mwenyewe. Nasema ilivyokuwa kwangu mimi.

Mlima wenyewe unaitwa Alpe d'Huez, mi nakaa Grenoble, siyo mbali sana. Najua nyie baiskeli hamfundishwi, Tanga nzima inakwenda kazini na baiskeli, ila zetu ni za tambarare. Lakini nani hajapanda Lushoto kutokea Mombo, zile kona za Soni ambazo lazima mtoto wa mtu atapike kwenye basi? Pale unapanda kama mita 1,000 kwa kilomita thelathini na ushee. Sasa hawa watu wanapanda mita 1,100 ndani ya kilomita 13.8, yaani Lushoto imefinywa mpaka imebaki chini ya nusu. Kona 21, kila moja ina namba, na wanahesabu kurudi nyuma, ya chini kabisa ndo 21, ya juu ndo 1, na kila kona ina kibao chenye jina la aliyewahi kushinda pale, wanaanzia kwa Fausto Coppi wa 1952. Na siku ile mlima huo ulikuwa wa mwisho, walishatoka Briançon asubuhi wakapanda Galibier na Croix de Fer, yote miwili inapita mita 2,000.

Hela sasa. Tarehe 14 Julai huku ni sikukuu ya taifa, lakini mi naosha vyombo hotelini, na hotelini sikukuu ndo kazi. Ili nipate siku moja ilibidi nibadilishane zamu na mwenzangu, akanidai Jumapili mbili. Jumapili mbili kwa siku moja, bwana, na nilikubali. Usafiri nilikwenda na Mngazija mmoja wa kazini, tunaongea nusu Kifaransa nusu Kiswahili na tunaelewana vizuri tu, mchango wa mafuta yuro 20, karibu elfu hamsini ya kwetu. Tukalala ndani ya gari usiku wa kuamkia, maana ukichelewa barabara imeshafungwa, asubuhi tukapanda kwa miguu mpaka kona ya 16. Kumbe huku chini ndo kukali kuliko juu, mi nikijua nimechagua pa karibu nimechagua pa rahisi. Mkate, maji na mayai ya kuchemsha tulibeba wenyewe, ukinunua njiani utalia.

Nikawa nimekaa pale kwenye nyasi toka asubuhi, jua linachoma, nawaza makaratasi. Kwa sababu kipindi kile kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinaisha na miadi ya ofisini inachukuliwa mtandaoni tu, unafungua ukurasa saa sita usiku unaambiwa hakuna nafasi, unafungua alfajiri hakuna nafasi. Walinipa risiti ya miezi mitatu, karatasi ya kushikilia wakati unangoja kadi, bosi anataka kadi siyo risiti, mwenye nyumba naye hivyo hivyo, na siku ya kadi nikalipia stempu ya serikali yuro 225. Sasa nyie mnaosema "si ushafika, tulia", nakaaje nimetulia na risiti ya miezi mitatu? Ndo maana siku ile naikumbuka hivi. Polisi walipita wengi kweli kweli, kwa pikipiki, na wote walichokuwa wanataka ni nirudi nyuma ya mstari. Basi. Miaka mingapi niko huku sijawahi kupitiwa na polisi wengi vile na mkono wangu usiende mfukoni kutafuta makaratasi.

Kabla ya baiskeli unapita kwanza msafara wa matangazo, mapema sana, magari yamepambwa kama maharusi wanarusha vitu, vikofia, pipi, funguo za plastiki. Wazee wa kizungu pale wanagombania kama watoto wa Ngamiani siku ya maulidi, kuna bibi alinikanyaga. Mi nikadaka kofia ya madrafti mekundu na meupe na kipakti cha soseji, nikakigeuza kusoma nyuma, nguruwe. Siku tano tu toka Idi kubwa. Nikampa yule bibi aliyenikanyaga, tukapatana.

Halafu unasikia helikopta, watu wote wanasimama. Mshindi alikuwa Tom Pidcock, Muingereza, kipindi kile alikuwa na miaka 22 tu. Lakini mniambie tena kwamba ni mchezo wa wazungu, wa pili alikuwa Louis Meintjes wa Afrika Kusini, na wa tatu, hapa ndo mnasikia kwenye klipu napiga kelele, ni Chris Froome, kazaliwa Nairobi 1985, mwalimu wake Mkenya David Kinjah. Huyu kashashinda Tour mara nne, halafu 2019 akaanguka vibaya akavunjika vunjika, watu wakamzika mzima mzima. Nikamwambia "twende kaka, twende, malizia!" Hakugeuka. Ana pumzi ya kugeuka?

Na huyu nampendea makaratasi yake. Mwaka 2006 alitaka kukimbia mashindano ya dunia ya vijana kwa bendera ya Kenya, akaona wakubwa hawana habari, akaingia kwenye barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli akajiandikisha mwenyewe, kafika kule kaanza tu mbio kamgonga mwamuzi. 2008 akaanza kukimbia kwa leseni ya Uingereza. Mi simfundishi mtu kuingia kwenye barua pepe za watu, nasema tu namuelewa.

Tulikaa mpaka gari la mwisho lile wanaloliita ufagio, linalookota walioshindwa. Mngazija alitaka tuondoke mapema, nikamwambia nimelipa Jumapili mbili, siondoki.

Wale mnaoniomba baiskeli za mbio, kiukweli nimeacha. Nilimtumia mpwa wangu moja, nimeinunua mkononi, nikalipa usafirishaji yuro 80, ikafika haina tairi la mbele, aliyepokea anasema ilitoka huku hivyo hivyo, wa huku anasema iliondoka nzima. Na mpwa mwenyewe akaniambia, "mjomba, kwani simu ilikushinda?" Sikumjibu mpaka leo.

Kwa hiyo ukija na una mtu wa kukulaza na siku ya mapumziko, nenda, lala huko usiku wa kabla, beba maji. Ila mambo ya visa na hela ni ya mtu na mtu, yangu siyo yako, usije ukasema fulani alinidanganya.

Kwenye kile kifurushi cha baiskeli niliiweka na ile kofia ya madrafti. Kofia ilifika salama. Mama anaivaa asubuhi akienda sokoni Mgandini, na huko nako wanamuuliza, mwanao kainunua shingapi.