Kinyesi Ni Dawa, Lakini ya Ugonjwa Gani?

Asanteni, kaeni. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika 30 na kanionya nisilitaje lile neno letu fupi la mtaani. Kwa hiyo leo nitasema kinyesi, nikichoka nitasema choo, na mtanielewa. Manesi wanacheka tayari, hao hawana shida. Wanaokunja pua ni wale wa safu ya nyuma, na hao hao ndio hunipigia simu saa nne usiku: "Daktari, nimesoma wenzetu wanapandikiza kinyesi, wanachukua cha mtu mwenye afya wanamwingizia mgonjwa utumboni. Mimi tumbo linanitesa mwaka wa sita huu, nifanyeje?"

Jibu langu ni lile nililotoa mwaka jana na mwaka juzi, na kama Mungu akinipa uzima nitalitoa tena mwakani: tumbo lako lina ugonjwa gani? Jina, tafadhali. "Tumbo" si jina la ugonjwa.

Alinijia mama mmoja, anaharisha damu na kamasi kwa miaka miwili. Nikamwomba aniletee dawa zote alizokwisha kutumia. Siku ya pili akafungua mkoba, akanimwagia mezani vipande vya karatasi za vidonge, vile vinavyokatwa kwa mkasi dukani. Metronidazoli, sipro, amoksi, tena metronidazoli. Kimoja hakina jina wala tarehe, mkasi ulipita hapo hapo. Nikavipanga mezani kama karata. Vilikuwa 23. Kila akiharisha anaambiwa ni amiba, anakatiwa kipande, anarudi nyumbani. Katika miaka miwili choo chake hakikupimwa hata mara moja.

Nikisema haya wenye maduka ya dawa hununa. Nuneni. Na msiniambie watu hawana hela ya kipimo, maana jumlisheni bei ya vipande 23 kisha mniambie angepima mara ngapi.

Tulipoingiza kamera tukakuta utando wa utumbo mpana umechubuka kuanzia kwenye njia ya haja kubwa kupanda juu, mfululizo bila kuruka, ukiugusa kidogo unatoka damu. Tukakata vinyama vya kupima. Kwetu huwezi kutamka jina la ugonjwa huu kabla hujahakikisha si kifua kikuu cha utumbo na si kichocho, na hilo lilituchukua wiki kadhaa. Ilikuwa kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoushambulia utumbo. Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, mwanangu wa mwisho ana miaka kumi na tisa, anakula mawe yanasagika. Chukua chake unipe mimi."

Sikucheka. Alikuwa amesoma, na alichosoma si uongo.

Mwaka 1958 kule Denver, Marekani, daktari mpasuaji Ben Eiseman na wenzake walikuwa na wagonjwa 4 walioharibika utumbo baada ya kupewa antibayotiki. Watatu walikuwa mahututi. Wakawapa enema ya kinyesi cha watu wazima wa afya, wazee wetu wangesema waliwapiga bomba, na wote 4 wakapona. Adui hawakumjua. Bakteria Clostridioides difficile alikuja kutambuliwa kuwa ndiye chanzo mwaka 1978, miaka 20 baadaye. Na Wachina walishatangulia zamani. Ge Hong, katika karne ya 4, aliandika kuhusu kuwanywesha wagonjwa wa kuhara mchanganyiko wa kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo mtu asije akasema haya ni mambo ya vijana wa intaneti.

Huyu difisile ana hila moja. Hujifunga kwenye ganda, akawa kama mbegu. Dawa inawaua walio hai, mbegu zinabaki zimelala. Dozi ikiisha zinachipua, na safari hii hazina mpinzani, kwa sababu bakteria wengine ambao kazi yao ni kuibadilisha nyongo iwe kitu cha kuzizuia zisichipue, dawa hiyo hiyo imewafagia. Unampa mgonjwa dozi nyingine, unafagia tena. Manesi, na nyinyi nisikieni kidogo: ile dawa ya spiriti mnayopaka mikononi haiziui mbegu hizi. Maji na sabuni. Nimesema mara ngapi?

Sasa Amsterdam. Matokeo yao yalichapishwa Januari 2013, na mimi nikiuelezea utafiti huu huwa sifupishi, mwenyekiti anisamehe. Walikuwa na wagonjwa ambao difisile anawarudia rudia. Wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa vankomaisini, antibayotiki ya kumuua difisile, kwa siku chache, wakaoshwa utumbo, kisha kinyesi cha mtu mzima wa afya, kilichotolewa siku hiyo hiyo, kikakorogwa na maji ya chumvi nusu lita, kikachujwa, kikapitishwa kwa mpira wa puani hadi kwenye utumbo mwembamba. Ndiyo, puani. Mgonjwa haonji kitu, mpira unapita tu. Kundi la pili vankomaisini peke yake, siku 14. La tatu vankomaisini na kuoshwa utumbo. Waliopewa kinyesi walikuwa 16. Kwa mara moja tu wakapona 13. Wale watatu wakarudiwa, kwa kinyesi cha mtu mwingine, wakapona 2. Jumla 15 kati ya 16! Wa vankomaisini walipona 4 kati ya 13, na wa kuoshwa 3 kati ya 13. Walikuwa wamepanga wagonjwa 120. Walipofika 43 wakaambiwa simamisheni, maana tofauti imeshaonekana, na kuendelea ni kuwanyima watu tiba makusudi. Utafiti wa kusimamishwa kwa sababu dawa inafanya kazi kupita kiasi, hamtauona mara nyingi.

Kuna mtu hapo anasema moyoni, hata kama inaponya, ni kinyaa. Kamuulize daktari wa mifugo. Ng'ombe aliyeacha kucheua hunyweshwa maji yaliyochotwa kwenye tumbo la ng'ombe mzima, mengine huchukuliwa machinjioni yakiwa na joto lake. Ndama wa tembo hula kinyesi cha mama yake ndipo aweze kusaga majani, na hakuna aliyemwambia akapige mswaki. Na wewe mwenyewe siku ya kuzaliwa ulipita wapi, jirani na nini? Haya, tuendelee.

Turudi kwa mama. Kwa kuwa difisile anatibika hivi, watu wakasema tujaribu kwenye kolaitisi. Mwaka 2015 Hamilton, Canada, wagonjwa 75. Enema mara moja kwa wiki, wiki 6. Waliopewa kinyesi ni 38, wakatulia 9. Waliopewa maji ni 37, wakatulia 2. Iwekeni 9 kati ya 38 kando ya ile 15 kati ya 16, kisha mniambie kama ni dawa ile ile. Na katika wale 9, saba walipata kinyesi cha mtu mmoja, ambaye kwenye utafiti anaitwa mtoaji B. Mtoaji A, na wenzake, karibu hawakumsaidia mtu. Mwaka huo huo Amsterdam nao wakajaribu kwa kolaitisi, tofauti ya maana wasiione. Australia wakapata nafuu zaidi. Utafiti wao wa mwaka 2019, ambapo kinyesi kilitayarishwa bila kuguswa na hewa kwa kuwa bakteria wengi wa utumboni hewa huwaua, ulituliza 12 kati ya 38, dhidi ya 3 kati ya 35. Kwa hiyo kipo kitu, sikatai. Ila kwa difisile ni shamba lililokwisha kuungua, ukipanda linaota. Kwa kolaitisi moto bado unawaka na wewe unapanda.

Nilimwambia mama hivyo hivyo. Akauliza, "Na nikimpata huyo B?" Hapo nilicheka.

Naona mkono. Najua unachotaka kusema, Wahadzabe, wale wawindaji wa porini. Kila mhadhara lazima mtu awataje Wahadzabe. Ni kweli, walipimwa. Mwaka 2014 zilichapishwa sampuli za Wahadzabe 27 wa huku Ziwa Eyasi zikilinganishwa na Waitaliano 16 wa Bologna, na Wahadzabe walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, hodari wa kuvunja nyuzinyuzi za mizizi wanayochimba. Basi mtafiti mmoja Mmarekani, mwaka huo huo, akiwa huko huko porini, akachukua kinyesi cha Mhadzabe, akakivuta kwa bomba la jikoni wanalomwagilia mchuzi kwenye bata mzinga wao wa Krismasi, akajipiga mwenyewe. Akaandika akatangaza. Na mpaka leo watu wangu wananiuliza kama kuna basi la kwenda Eyasi.

Mwaka 2017 ikaonekana jambo ambalo huwa halisimuliwi. Bakteria wa Wahadzabe hubadilika na majira. Masika, wakati wa asali na matunda pori, baadhi hupungua mpaka hawaonekani, kiangazi hurudi. Yaani hawa bakteria wanafuata chakula. Sasa wewe uje na kinyesi cha mtu anayekula mizizi na ubuyu, ukipande kwenye tumbo linalolishwa chipsi mayai na soda mchana, chipsi kuku usiku, unadhani watakaa kwa kukuheshimu? Na yule Mhadzabe amefaidika nini? Amechotewa kinyesi, kimepanda ndege.

Mtoaji. Mnadhani ni kumkamata mtoto anayekula mawe tu. Benki ya kinyesi ya OpenBiome huko Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilikuwa ikipitisha watoaji chini ya 3 katika kila 100 wanaojitokeza. Wanachunguzwa ukimwi, homa ya ini, minyoo, bakteria sugu, uzito, dawa ulizotumia. Na miongozo ya Ulaya humweka kando aliyesafiri karibuni nchi za joto. Yaani kwa kuishi tu Temeke umeshakataliwa. Mtacheka, lakini mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata E. coli sugu kutoka kwa mtoaji mmoja ambaye kinyesi chake hakikupimwa bakteria huyo. Mmoja akafa. Hiyo ni hospitali yenye kila kitu, si blenda ya jikoni kwako. Blenda ya juisi, jamani.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Basi haraka. Ugonjwa wa Crohn, ndugu yake kolaitisi, ushahidi bado mwembamba, nitausema siku nyingine. Mgonjwa wa kolaitisi akizidiwa ghafla, mpime difisile kabla hujamwongezea dawa za kushusha kinga, hili nilitaka lichukue dakika kumi. Chakula: dona, maharage, mchicha, bakteria huvunja nyuzinyuzi wakatoa asidi ya butiriki inayolisha ukuta wa utumbo, ila mwenye utumbo uliosinyaa asianze bila kuuliza. Mama yuko kwenye mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, anapata choo mara mbili kwa siku, hakina damu. Mwanawe tulimpima pia, kwa kuwa mama alisisitiza. Ana minyoo.

Na yule dada wa mstari wa tatu aliyeleta kidonge alichonunua kwa simu, kinachodaiwa kuwa na "bakteria wa Kihadzabe", njoo nacho hapa mbele. Na risiti.